Mivinje Mitatu ya Mwanakheri

Hadithi inaingia, wanangu. Lifungeni dirisha lile kwanza.

Mwanakheri alikuwa mjane mwenye mtoto mchanga na shamba. Mpakani ilisimama mivinje mitatu aliyoipanda marehemu mumewe. Mwaka huo mikungu ya ndizi ilikuwa mizito hata migomba ikainama, naye hakuwa na magongo ya kuiegemeza. Akaikata mivinje yote mitatu.

Asubuhi upepo ukaja, ukamuuliza, "Mwanakheri, aliyekuwa akinizuia yuko wapi?" Akaendelea kuegemeza migomba. Ukayalaza mahindi.

Adhuhuri ukarudi. "Aliyekuwa akinizuia yuko wapi?" Akakimbilia ndani kwa mtoto. Ukaivunja migomba pamoja na magongo yake.

Magharibi ulikuja taratibu, kwa sauti ya mumewe. "Mke wangu, aliyekuwa akinizuia yuko wapi?"

Ilikuwa imebaki nyumba tu, na ndani yake mtoto.

"Niko hapa," akasema Mwanakheri. Akaenda kusimama penye visiki, akanyoosha mikono.

Upepo ulivuma hadi alfajiri, na nyumba haikutikisika. Majirani walimkuta mtoto amelala, na mpakani mvinje mmoja mrefu uliofungwa kanga ya Mwanakheri. Walijaribu kuifungua, lakini fundo lilikuwa ndani ya gome.

Naishia hapo. Mwenye shoka aliache mlangoni.