Kadi Iliyozidi Boksi

Mtu mmoja alikuwa na kompyuta mpya ambayo ilikuwa bado haijapata kadi yake ya picha. Jina lake Ambilikile, mkazi wa Tukuyu, mwenye chumba kimoja cha mbele kinachotazama stendi. Alitaka chumba hicho kiwe cha gemu, vijana wakae humo wacheze mpira na mashindano ya magari kwenye kioo, walipie kwa saa. Mashine yenyewe iliundwa na binti yake, Tusajigwe, fundi wa kompyuta, mwanamke wa miaka thelathini na mmoja aliyerudi nyumbani na watoto wawili baada ya ndoa kumshinda. Aliiunda kifaa kwa kifaa. Baba alikuwa amemwahidi: mashine ikiwaka, chumba ni chako, utakiendesha mwenyewe, na wanao watakula humo. Hilo ndilo alilokuwa akilingoja. Hakuwa na jingine la kungoja.

Kwa asiyejua nitasema kwa ufupi. Ndani ya boksi la kompyuta kuna vitu vingi, na kila kimoja kina kazi yake. Kadi ya picha ndiyo inayochora unachokiona kwenye kioo, kwa hiyo ndiyo inayosifiwa. Chini kabisa kuna kisanduku cha umeme. Kinalisha vyote, na hakuna anayekitazama. Mbele kuna feni mbili zinazotoa joto la wenzao. Tusajigwe alikuwa amepima. Alimwambia baba yake kwamba kadi inayofaa ni ya wastani, urefu wake shubiri moja na kidogo, na umeme inaokula kile kisanduku kinaumudu. Alimwandikia jina la kadi hiyo kwenye karatasi. Baba aliitia karatasi mfukoni, kisha akaitisha kikao.

Kikao cha nini? Cha kuchagua kadi. Walikaa wanne: Ambilikile mwenyewe, mdogo wake Asegelile, aliyewahi kuuza redio miaka ya nyuma, mzee mmoja wa kanisa, aliyealikwa ili neno liwe na uzito, na Anyosisye, kaka mkubwa wa Tusajigwe, aliyepanda basi kutoka Mbeya na saa yake inayowaka kila akiinua kikombe. Walikuwa na mwenyekiti, walikuwa na katibu. Waliomba, wakafungua ajenda. Mwenye kuzijua kadi hakuitwa. Alikuwa jikoni akichemsha viazi vya wajumbe.

Sasa sikilizeni walivyochagua. Asegelile alisema kitu cha umeme hupimwa kwa uzito, redio nyepesi ni redio tupu, kwa hiyo itafutwe kadi nzito. Mzee wa kanisa aliuliza hizo kadi zinatoka nchi gani, na alipoambiwa akasema nchi hiyo ni nzuri. Anyosisye akatoa simu, akawaonyesha kadi yenye feni tatu na taa zinazobadilika rangi, ndefu kuliko tofali. Alisema marafiki zake wote wanayo hiyo, na kwamba hawezi kusimama mbele ya watu akasema nyumba ya baba yake imenunua kadi ya wastani. Neno hilo liliwaingia. Hakuna aliyenyanyuka akafungua boksi atazame kadi inakaa wapi. Na boksi lilikuwa hapo hapo sebuleni, Asegelile ameweka kofia yake juu yake. Wakapitisha kwa kauli moja, wakapiga makofi, wakala viazi.

Kadi ililetwa na basi wiki iliyofuata. Tusajigwe akaitoa kwenye karatasi zake, akaiweka kando ya boksi, ikazidi kwa vidole vinne. Akasoma umeme inaokula, nao ukazidi. Akamwambia baba yake irudishwe, dukani bado wanapokea. Nyumba ikanuna. Anyosisye alisema kwa simu kwamba fundi mzuri hashindwi na bati la boksi. Asegelile alisema wanawake wakisoma kidogo huanza kubishana na vikao. Kuirudisha kadi kungekuwa kukiri kwamba watu wazima wanne walikaa nusu siku wakichagua kitu wasichokijua, na katika wale wanne hakuna aliyekuwa tayari kukiri hivyo. Ambilikile akainama, akatazama ndani ya boksi kwa mara ya kwanza. Akaona feni mbili za mbele. Ndizo zilizokuwa zimeshika nafasi.

"Hizi zitoe, mama," alimwambia binti yake. "Tukuyu hii watu wanavaa makoti saa sita mchana. Feni ya kumpoza nani?"

Na Tusajigwe akazitoa. Msimhurumie upesi. Alijua, na bati alilikata kwa msumeno kwa mkono wake mwenyewe, kisha akaunga waya wa ziada kwenye kisanduku cha umeme ili kimlishe mlaji ambaye hakikutengenezwa kumlisha. Aliwafikiria wanawe. Alikifikiria chumba. Wengi wetu tumekata bati namna hiyo, tukaliita jambo hilo heshima.

Siku ya kufungua ilikuwa Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, mvua inanyesha kama kawaida ya huko. Chumba kilijaa. Mlango ulifungwa ili baridi isiingie, na watu arobaini na makoti yao wakapumua humo ndani. Picha ilikuwa nzuri, sitaficha. Nyasi za uwanja zilionekana moja moja, na jasho kwenye shingo za wachezaji. Watu waliuliza ni nini kinachofanya hivyo, wakaonyeshwa kadi, inawaka nyekundu, inawaka buluu. Wakamsifu Anyosisye kwa kuiona. Wakamsifu Asegelile kwa maarifa yake ya uzito. Mzee wa kanisa aliombwa aseme neno, akasema, tena refu. Hakuna aliyeuliza kisanduku cha chini kinaendeleaje. Nusu saa haijaisha, kikatoa mlio mmoja mdogo, ikafuata harufu ya plastiki inayoungua, na kioo kikawa cheusi. Watu wakatoka kwenye mvua wakicheka.

Kikaitishwa kikao cha pili. Safari hii Tusajigwe aliitwa, tena akapewa kiti cha mbele. Ya kuchagua hayakumhusu, ya kulaumiwa yakamhusu. Walimwuliza aliungaje waya. Walimwuliza ni nani alimruhusu kukata bati. Walimwuliza kwa nini hakusema. Kwa nini hakusema! Baba yake alikuwa amekaa pale pale, ameitia ile karatasi mfukoni tangu mwanzo, na macho yake yalikuwa kwenye dari. Mtu anaweza kusema uongo bila kutamka neno, na huyo alisema mwingi.

Wakamwagiza afungue boksi waone kilichoharibika. Akafungua. Kisanduku cha umeme kilikuwa kimeungua. Ubao wa chini, ambao vifaa vyote hupachikwa juu yake, ulikuwa umeungua. Kadi ilitoka nzima. Haikuwa na hata alama. Wajumbe walimshukuru Mungu kwa hilo, nasema kweli, walimshukuru Mungu, na Asegelile akaipangusa kwa leso yake. Wakaiweka kwenye kabati la vyombo, juu ya kitambaa cha kufuma, katikati ya vikombe vya wageni. Kisanduku na ubao vikatupwa shimoni pamoja na maganda ya ndizi. Kisha mwenyekiti akatoa azimio: litafutwe boksi jingine, lolote litakalopatikana upesi, na Tusajigwe aunde mashine upya kuifuata kadi, ila safari hii awe mwangalifu. Tusajigwe aliuliza ni nani atakayepima kwanza. Akaambiwa kupima kutachelewesha.

Tusajigwe akasimama. Bisibisi ilikuwa mkononi mwake. Aliilaza mezani mbele ya baba yake, taratibu, kama mtu anayeweka kijiko.

"Boksi moja nimelikata, baba, na kosa langu nalibeba," alisema. "La pili mtalikata wenyewe."

Wakamwambia akitoka asitarajie chumba. Akatoka. Na chumba kweli hakupewa. Siku hizi humo yanauzwa magodoro, na mwenye duka ni Anyosisye. Tusajigwe anatengeneza kompyuta za watu kwenye baraza la jirani, na mvua ikija kwa upande huo anahamisha meza. Sisemi kwamba anafurahi. Nasema kwamba wanawe wanakula, na kwamba hakuna kitu kilichoungua mikononi mwake tangu siku ile. Wale wajumbe bado wanaitaka mashine yao, wakatafuta fundi mwingine. Wameshampata mmoja kutoka Kyela, kijana mwenye adabu, asiyebishana, na ameshaanza kunoa msumeno.

Ninyi mnaokaa vikao vya ukoo, vya usharika na vya shule, sitawatajia kadi ni nani. Mnamjua. Ndiye mnayeng'oa wengine ili apate nafasi, naye kila mara hutoka mzima. Wala sitawatajia waliotupwa shimoni, maana hao hata majina yao hamkuyaandika kwenye muhtasari. Nauliza moja tu, na asiye na jibu anyamaze, asinijibu kwa maombi: hili mnalolitafuta sasa ni boksi la ngapi?