Kapu la Mawe Meusi

Nyayo za jivuni hazimrudishi mtu. Mmecheka niliposema hivyo, maana siku hizi nani anatembea jivuni? Methali hii ilianza hivi, wajukuu zangu, nayo haichekeshi.

Nyuma ya mlima wa moto kulikuwa na nyika ya jivu, mwendo wa kutwa nzima bila mti wala nyumba. Mashimo yake yalifanana yote na yote yalitoa moshi, ila moja lilikuwa na ziwa lenye kambare wanene. Chui nao walilijua, wakishuka ukingoni kuvua kwa makucha. Waendao huko walikuwa na desturi moja: anayetangulia hubeba ndoana, anayefuata hubeba kapu la mawe meusi, akiyapanga mawili mawili, moja juu ya jingine, kila hatua mia, ili yaonyeshe njia ya kurudi; wakirudi huyaokota.

Mwaka wa njaa Gwamaka, aliyebaki peke yake akiijua njia ya ziwani, alimchukua mdogo wake, Lusekelo, ambaye hakuwa amefika huko hata mara moja. Kapu lilimchuna Lusekelo bega. Jua lilipochomoza, kabla hajapanga hata jiwe moja, aliyamwaga yote shimoni, kimyakimya. Nyuma yake nyayo zao zilionekana wazi, hata mtoto angeweza kuzifuata.

"Unaweka?" Gwamaka aliuliza bila kugeuka.

"Naweka, kaka."

Walivua siku mbili. Siku ya tatu Gwamaka aliteleza mwambani akavunjika mguu, na Lusekelo hakuweza kumbeba.

"Usilie," kaka yake alimwambia. "Moto ninao, na chui nitawatupia samaki. Wewe fuata mawe yako, uwalete watu. Maadamu mawe yapo, nina hofu gani?"

Hapo ndipo Lusekelo angepaswa kusema ukweli. Aliona aibu. Alijiambia nyayo bado zipo, na kweli zilikuwapo, akazifuata. Alipokaribia nyumbani upepo ulianza kuvuma, naye akaongeza mwendo.

Kesho yake alirudi na wanaume wanane, pamoja na Tupokigwe, mke wa Gwamaka, aliyebeba uji wa mumewe kibuyuni. Walipofika ukingoni mwa nyika wote walisimama. Jivu lilikuwa limelala sawasawa kama unga uliochekechwa.

"Shemeji, jiwe la kwanza liko wapi?" Tupokigwe aliuliza.

"Niliyamwaga. Nilitegemea nyayo."

"Naye anajua?"

"Hajui. Anajua mawe yapo."

Tupokigwe aliweka kibuyu chini, akaketi jivuni na kunyoosha miguu, kama wanavyoketi wafiwa.

Walitafuta siku sita. Waliita mpaka sauti zikawakauka. Gwamaka alikuwa na moto, lakini katika nyika inayofuka moshi kila upande, nani angeutambua moshi wake? Maji yalipowaishia wanaume walirudi nyumbani.

Lusekelo alibaki na kapu. Miaka yake yote iliyosalia alipanga mawe katika nyika ile, mawili mawili, njia zisizofika popote. Kilichomtafuna ni kujua kwamba kaka yake alingoja bila shaka yoyote moyoni, akiamini watu wako njiani, wanatoka jiwe hili wanakwenda jiwe lile.

Vijana waliopita na kumuuliza anatafuta nini aliwajibu neno moja tu, kisha akainama kuokota jiwe jingine:

"Nyayo za jivuni hazimrudishi mtu."