Goti la Nahodha

Kaeni, wapendwa, kaeni. Kwaya, asanteni, ingawa beti zile za mwisho mngetuonea huruma kidogo. Najua mmechoka. Nami nimechoka. Hii ni ibada ya pili, jua limeshapanda juu ya mabati, na nikitazama huku upande wa akina baba nawaona wawili wanaitikia amina wakiwa usingizini. Siwalaumu. Leo sina maneno mengi. Nina habari ya watu waliochoka kama sisi, tena wachanga kuliko sisi.

Palikuwa na kocha mmoja wa mpira wa kikapu katika chuo cha ualimu, huko nyanda za juu kwenye baridi. Timu yake ilikuwa ya wasichana. Vijana mchezo huu mnaujua. Na ninyi bibi zangu wa benchi la mbele, mnaosema ni mchezo wa kutupia mpira kwenye tenga lisilo na kitako, basi mmeshauelewa, haujazidi hapo.

Ligi ya vyuo ya kanda ile ilikuwa ndefu mno. Ilianza watu wanapanda mahindi, na ilipokaribia kwisha mahindi yalikuwa yameshapukuchuliwa. Vyuo vinne tu vya kanda ndivyo vilivyokuwa viende kwenye mashindano makubwa ya mwisho wa mwaka, yale yanayokutanisha vyuo bora vya nchi nzima. Sasa, nafasi tatu zilikuwa zimekwisha kuchukuliwa. Imebaki moja. Na wanaoigombea wawili, pointi zao sawasawa: hawa wasichana wa ualimu, na wasichana wa chuo cha uuguzi kilicho ng'ambo ya mto. Mchezo wa mwisho wa ligi wanakutana wao kwa wao. Atakayeshinda, anakwenda. Atakayeshindwa, anarudi bwenini kufua jezi na kuikunja mpaka mwaka unaofuata.

Nahodha wa timu ya ualimu hakuwa na mwaka unaofuata. Alikuwa anamaliza chuo. Miaka yote aliyosoma pale timu yake ilikuwa inaishia mlangoni, na hamu yake ilikuwa moja tu, acheze mashindano yale makubwa japo mara moja kabla hajapangiwa shule huko porini na kuanza kufundisha watoto kuhesabu.

Lakini goti lake la kushoto lilikuwa linavimba. Asubuhi anashuka kitandani kwa kujishika ukutani. Akaenda zahanati ya chuo, daktari akalibonyeza, akamwambia, “Binti, pumzika mwezi mmoja, uvimbe ushuke, utacheza tena vizuri. Usipopumzika, hili litakuacha njiani.”

Msichana akamfuata kocha wake uwanjani.

“Shikamoo, kocha. Daktari anasema nipumzike.”

“Marahaba. Wewe mwenyewe unasemaje?”

“Mimi ndiyo nimekuja kukuuliza. Nikikaa nje, nafasi tutaipata?”

Kocha akasema, “Msimamo wa ligi unaujua, mwanangu.”

Basi. Msichana akaelewa. Akaenda akalifunga goti kwa kitambaa, akaingia mazoezini.

Msimfikirie vibaya kocha yule. Alikuwa anawabebea wasichana wake maji ya kunywa kwa dumu, begani, mwenyewe. Sauti ilikuwa imemkauka kwa kuwapigia kelele. Aliwapenda. Lakini aliwaendesha, jamani, aliwaendesha! Alfajiri kuna baridi ya kukata masikio, wao wanakimbia. Jioni wenzao wanaota moto jikoni wakingoja ugali, wao wanarusha mpira. Mmoja wao alisinzia siku ya mafunzo ya kufundisha, amesimama mbele ya darasa, chaki mkononi, watoto wanamtazama tu. Kila walipolegea, kocha alikuwa na neno lake: “Nafasi bado hatuna!” Wakisikia hivyo wanainuka tena. Hata kucheka walikuwa wameacha. Niambieni, mmeshawahi kumwona mtu anacheza na hacheki?

Siku ya mchezo ikafika. Wauguzi nao walikuja wamechoka vilevile, macho mekundu, maana nao wana wodi na wana mitihani. Sikieni niwaambie, haukuwa mchezo wa kupendeza. Ulikuwa mchezo wa watu wanaoogopa. Viwiko, kuanguka, mwamuzi anapuliza filimbi mpaka mate yanamwisha. Dakika za mwisho wauguzi wanaongoza kwa pointi moja. Mpira ukamfikia nahodha. Akaruka, akaurusha, ukazunguka kwenye ringi, ukaingia.

Uwanja ukalipuka. Wenzake wakakumbatiana, wakalia, wakabingirika kwenye vumbi. Ndipo mmoja akageuka akaona nahodha hajainuka. Alikuwa ametua kwa mguu ule ule.

Na mnajua waliomfikia kwanza ni akina nani? Ni wale wauguzi. Wametoka kushindwa sasa hivi, wanalia, wakajifuta machozi kwa pindo la jezi na kupiga magoti pale chini. “Msimnyanyue! Uacheni mguu ulivyo!” Wakaomba kanga, wakaomba ubao, wakamfunga vizuri kabisa kama walivyofundishwa. Mmoja akamshika kichwa akamwambia, “Pole, dada. Hili si la kuchua. Hili ni la hospitali.”

Wakiwa hapo chini, akafika mzee mmoja wa chama cha michezo cha vyuo, mwenye kofia, mtu wa maneno mengi. Akawatazama wote, wa huku na wa huku, akashangaa kweli kweli.

“Hongereni, wanangu. Lakini mbona mmechezana kama mnagombea roho? Ninyi walimu, mashindano makubwa mwaka huu si yanafanyika hapa kwenu? Mwenyeji haingii kwa pointi. Mwenyeji anaingia moja kwa moja, hata angeshika mkia. Nafasi hii ya nne ilikuwa ya wauguzi tangu zamani. Kocha wenu nilimpigia simu mimi mwenyewe, mahindi yakiwa bado mabichi shambani, nikamwomba awatangazie ninyi na wauguzi.”

Msichana pale chini akageuza shingo akamtafuta kocha wake kwa macho.

“Kocha, ulijua?”

“Nilijua.”

“Hata siku ile nilipokuja kukuuliza?”

Kocha akavua kofia. “Hata siku ile. Mwanangu, ningewaambia mngelegea. Nawajua ninyi. Nilitaka siku ya mashindano ikifika muwe imara.”

Msichana akasema, “Labda tungelegea, kocha. Lakini mimi ningefika.”

Mashindano yakaja, uwanja ule ule, bendera, ngoma, wageni kutoka kila mkoa. Timu yake ikacheza. Wauguzi nao wakacheza. Yeye alitazama akiwa kwenye kiti cha plastiki, mguu umefungwa plasta, anawapigia wenzake makofi.

Nawaona mnavyotikisa vichwa. Akina mama huku wameshika mashavu. Mnamkasirikia kocha. Mzee wangu pale nyuma amesema “mshenzi” kwa sauti, na kanisani hatusemi hivyo, lakini tumekusikia.

Sasa twende taratibu, maana nimechoka na sitaki kurudia. Baba, mwanao anajua kwamba unamwonea fahari? Au unangoja kwanza alete matokeo, usije ukamharibu, akavimba kichwa? Kijana anakesha anakimbilia neno ambalo wewe umeshalisema kwa majirani wote, ila yeye tu hujamwambia. Na wewe mama mkwe, yule binti aliyeolewa kwenu. Moyoni ulishamkubali siku nyingi, sivyo? Lakini unamwacha aendelee kuamka alfajiri kukupikia uji kwa hofu, kwa kuwa uji wa hofu unakuja mapema. Tunapenda watu wakitukimbilia. Wakipumzika mbele yetu, sisi tunaona wamelegea.

Mungu hakutufanyia hivyo. Yeye alitangaza mapema, hadharani, wakati sisi bado tumeshika mkia, kwamba mezani pake tuna nafasi. Alijua wengine tutalegea. Akatangaza hivyo hivyo. Habari ile akatukabidhi sisi tuifikishe kwa watu. Na sisi tumeifanyia nini? Tumeikalia, ili tuwaone watu wakitoka jasho kwanza.

Mnadhani nasema habari za nyumbani kwenu tu? La, ningekuwa nimekaa zamani. Nasema habari za hapa.

Kuna dada mmoja tulimtenga na meza ya Bwana. Sababu mnaijua, kila mtu anaijua, na mliiongea mkashiba. Tangu wakati ule anakuja kila Jumamosi, amembeba mtoto mgongoni, anafagia kanisa hili, anapiga deki sakafu hii mnayoikanyaga, anafuta mabenchi haya mliyoyakalia. Hakutumwa na mtu. Anadhani akifagia vya kutosha, siku moja wazee watakaa kikao watamfikiria.

Wazee wa kanisa, mnanikazia macho. Nikazieni tu. Kikao kilishakaa. Tulikaa kabla ya Pasaka, tukaomba, tukakubaliana wote bila hata mmoja kupinga kwamba dada huyu amerudi kundini. Kisha mmoja wetu akasema, “Tusimwambie kwanza. Bidii yake ni nzuri, tukimwambia ataacha.” Tukacheka. Tukafunga kikao kwa sala. Na Jumamosi iliyofuata tukamwacha ainame na ufagio.

Anachechemea, ndugu zangu. Kama hamjaona, mtazameni atakaposimama. Mgongo wake umekwisha.

Dada yangu, wewe uliyekaa karibu na mlango. Sikutaji jina. Utaacha kufagia? Labda utaacha, acha. Wapo watu wazima wengi humu wenye mikono. Nafasi yako ipo, tena ilikuwepo Jumamosi zote zile ulizokuwa umepiga magoti kwenye sakafu hii, na sisi tulijua. Tusamehe. Mpe bibi hapo mtoto amshike, wewe uje mbele ule pamoja nasi.