Dubu na Salamu za Bahari ya Barafu

"Hadithi ipo mlangoni!"

"Ifungulieni!"

"Imetoka mbali, miguu imeganda!"

"Isogee motoni!"

Basi nanyi sogeeni.

Juu kabisa ya dunia iko bahari ambayo kwa miezi mingi uso wake ni barafu tupu. Chini ya barafu hiyo waliishi sili kumi na wawili. Sili ni mnyama wa baharini, mnene, mwenye sharubu kama za babu, lakini anapumua hewa kama mimi na wewe. Kwa hiyo kila sili alitoboa matundu yake kumi barafuni na kuyatunza. Akitaka pumzi, huibuka hapo: fyuu! Mkubwa wao alikuwa Mama Sili, na mwaka huo alikuwa na mtoto mchanga.

Kiangazi kilipofika, barafu ikapasuka, njia ya maji ikaonekana. Kwenye njia hiyo akaja Dubu wa Kusini, mkubwa kama nyumba, juu ya tishali la chuma, chombo kipana cha kubebea mizigo majini. Alibeba keekee ya kutobolea, ndefu kuliko mnazi.

"Hamjambo!" akanguruma. "Chini ya maji yenu kuna mafuta meusi. Natoboa, krrr, krrr, krrr, nachukua, naondoka."

Shakwe, ndege wa baharini, akamnong'oneza Mama Sili. "Alitoboa hivyo hivyo kwetu. Mafuta yakamwagika. Tazama mabawa yangu."

Mabawa yalikuwa yamegandamana, meusi tii.

"Mwanangu akiibuka kupumua, atavuta hayo?"

"Atavuta hayo."

Mama Sili akamkumbatia mtoto wake kwa pezi. Wa kumfukuza Dubu hakuwepo. Ndipo Panya wa Theluji, mdogo kuliko ngumi ya mtoto, akapanda juu ya kipande cha barafu.

"Karibu, baba. Hivi huhitaji chochote kutoka kwetu?"

"Nahitaji alama zenu kwenye karatasi," Dubu akasema. "Wanunuzi wangu wamekuwa wasumbufu. Bila alama ya kila mwenyeji, hawanunui."

"Alama utapata. Kwetu mgeni husalimia kila tundu. Mwenye tundu akiisha kusalimiwa, anaweka alama. Ukiruka mmoja, zote zimefutika."

Dubu akacheka mpaka tishali likayumba. "Salamu tu? Nitamaliza kabla jua halijazama!"

"Hasa, baba. Kabla jua halijazama."

Panya akameza kicheko. Kwa maana kule, wakati wa kiangazi, jua halizami. Linazunguka angani kama mbuzi aliyefungwa kamba, siku sabini. Siku linapogusa maji, barafu inarudi na kufunga njia.

Dubu akaenda tundu la kwanza. Fyuu!

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivyo? Hawakulishi?"

"Wananilisha, mama."

"Mama mzazi?"

"Hajambo."

"Baba mzazi?"

"Hajambo."

"Na shangazi yako anayeumwa kiuno?"

"Ha... hajambo."

"Mbona umesitasita? Kiuno kimezidi?"

Walipomaliza habari za kiuno, sili akachovya pezi kwenye wino wa Dubu, pa! Alama. Akapiga mbizi, chubwi! Akaogelea chini ya barafu, akalaza sharubu upande wa pili, akaibuka tundu jingine, fyuu!

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivyo?"

Fyuu, shikamoo, marahaba, pa, chubwi. Fyuu, shikamoo, marahaba, pa, chubwi. Dubu akisinzia, sili wanatoboa matundu mengine. Akiamka, anatazama juu. Jua lipo.

"Panya, mbona nimelala mara thelathini na mchana haujaisha?"

"Uchovu wa safari, baba. Ukisinzia kidogo unadhani umelala."

Siku ya hamsini, Dubu akainama juu ya tundu moja, akakaza macho.

"Wewe! Sharubu hii iliyokatika nimeshaiona!"

Mtoto wa sili akajificha nyuma ya mama yake. Panya akaruka, tup, juu ya pua ya Dubu.

"Baba! Unasema sili wote wana sura moja?"

"Sikusema..."

"Jamani, mmemsikia mgeni?"

"Uuuu!" sili wakalia matunduni. "Ametutukana! Na tumemuulizia mpaka shangazi!"

"Sikutukana! Naomba radhi!"

"Umefanya vizuri," Panya akasema. "Kwetu aombaye radhi huanza upya. Tundu la kwanza."

"La kwanza?"

"Alama unazitaka, huzitaki?"

Dubu akatazama jua. Lipo. Akaburuta miguu mpaka tundu la kwanza.

"Shikamoo, mama," akasema kwa sauti iliyokauka.

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivyo?"

Safari hii ilikuwa kweli.

Siku ya sabini jua likagusa maji, kidogo tu, kama mtu anayejaribu maji ya kuoga kwa kidole. Dubu akapokea alama ya mwisho, pa!

"Nimewahi! Halijazama!"

Akakimbia na karatasi ndefu kuliko jamvi la harusi, akapanda tishalini, akainua keekee. Krrr...

Kwaa! Barafu ikabana tishali upande huu. Kwaa! Ikabana upande ule. Chuma kikakunjika kama chapati. Keekee ikateleza, chubwi, ikazama. Dubu akaruka na kuangukia barafuni, karatasi mkononi.

"Panya! Nina alama elfu tatu!"

"Hongera, baba. Zitunze. Ila hizo ni za kiangazi hiki. Kiangazi kijacho tunaanza na salamu."

Dubu akageuka kusini, akaenda kwa miguu, kru, kru, kru juu ya theluji, mpaka akawa kitone.

Kwenye tundu dogo kikaibuka kichwa kidogo. Fyuu! Mtoto wa sili akavuta hewa safi, akapiga chafya, akarudi kwa mama yake.

"Hadithi yangu imeisha, koo limekauka!"

"Pole kwa kazi!"

"Na funzo je, mnalitaka?"

"Tunalitaka!"

Basi shikeni hili, watoto wangu. Ukifika ugenini, wasalimie wenyeji wote kwa adabu, mmoja mmoja, wala usiruke mtu. Hawatakunyima kitu.