Uzi Kiunoni mwa Mchungwa

— Niwatupie ngano?
— Tupa, tuidake!
— Ikiwaunguza?
— Tutaipuliza!
— Haya. Anayesinzia akalale kwao, sitairudia.

Hapo zamani palikuwa na Bi Mashavu na mjukuu wake, Mize. Siku kitovu cha Mize kilipodondoka, Bi Mashavu alikifukia uani, na juu yake akapanda mche wa mchungwa, ndiyo desturi. Mtoto na mti wakawa mapacha. Kwa kuogopa husuda akasokota uzi wa katani, akamfunga mtoto hirizi kiunoni, akaufunga na mti hirizi kiunoni.

Mize akanenepa. Uzi ulipombana alilia, bibi akaulegeza. Akanenepa tena, akalia tena, ukalegezwa tena. Mchungwa nao ukanenepa. Lakini mti haulii, na watu wana masikio ya anayelia tu.

Sasa njooni ndani ya mti.

Chini kabisa, gizani, aliishi Mama Mzizi. Kazi yake kuukumbatia udongo mti usianguke, na kunyonya maji. Juu kabisa, juani, aliishi mwanawe Jani na nduguze. Kazi yao kupika: wanavuta hewa kwa vinywa vyao vidogo, wanaichanganya na maji ya mama, jua ndilo moto, uji unaiva mtamu. Mama hajawahi kumwona mwana, mwana hajawahi kumwona mama. Katikati alisimama Shina, mchukuzi, mnunaji kama wachukuzi wote. Maji aliyapandisha kwa njia ya ndani, kwenye ugumu wa mti. Uji aliuteremsha kwa njia ya nje, hapo chini ya gome tu. Na maneno yao yalisafiri pamoja na mizigo.

Kila asubuhi Mama Mzizi aliita:

"Jani mwanangu, maji hayo. Kunywa. Mimi sijambo."

Na Jani aliitika:

"Mama Mzizi, uji huo. Kula. Sisi hatujambo."

Uzi ukabana. Ukazama kwenye gome. Njia ya nje ikazibika, ya ndani ikabaki wazi. Maji yakapanda, uji haukushuka. Jibu la Jani nalo likakwama na uji huohuo, juu ya uzi, mti ukavimba pale kama shavu lenye jipu. Wapita njia wakasifu, "Mchungwa huo umenona!" Wapita njia hao, wana macho ya nini?

Mama Mzizi akangoja. Kimya. Akaja Mchwa.

"Mama Mzizi, mwanao amekusahau. Huko juu kuna maua, kuna nyuki, kuna manukato. Mnyime maji."

"Ana shughuli," akasema Mama Mzizi. Akaita: "Jani mwanangu, maji hayo. Kunywa. Mimi sijambo."

Kimya. Mchwa akarudi.

"Umekonda, mama. Mnyime."

"Labda anaumwa. Mgonjwa ndiye wa kupewa maji." Akaita: "Jani mwanangu, maji hayo. Kunywa. Mimi sijambo."

Sijambo! Mnawajua akina mama wa namna hii. Wengine mmezaliwa nao.

Mara ya tatu Mchwa alikuja na watoto wake, wakaanza kumtafuna vidole. Hapo Mama Mzizi akaingiwa na hofu. Si ya kufa. Alijiuliza, nikifa nani atamnywesha mwanangu? Akaita kwa sauti ndogo:

"Jani mwanangu, maji ndiyo haya machache. Nina njaa."

Jani akatetemeka. "Njaa? Na uji wote ninaopika?" Akamgeukia Shina. "We mchukuzi, umekula uji wa mama?"

"Niule wapi? Nimefungwa kiuno. Mzigo wako huu hapa, umenivimbisha."

"Mbona hukusema?"

"Uliniuliza?"

Ua, aliyekuwa amejipamba akingoja nyuki, akadakia, "Na mimi je? Nitakuwa chungwa lini?"

"Bila mama hakuna chungwa," akasema Jani. "Nashuka kwake."

"Utashukaje? Huna miguu."

"Nitaanguka."

Nduguze wakalia, "Ukianguka hurudi!"

"Najua. Nyinyi endeleeni kupika."

Wawili wakakataa kumwacha peke yake. Wa kwanza akaanguka, upepo ukamchukua. Wa pili akaanguka, mbuzi akamla. Wa tatu akaanguka Jani mwenyewe, manjano tupu, akatua mapajani mwa Mize.

"Bibi! Pacha wangu ananyonyoka!"

Bi Mashavu akatoka mbio, kanga inaburuta. Mapacha hao, mmoja akikauka, wa pili je? Hilo hakulitamka.

"Husuda hiyo! Hirizi imechoka. Lete uzi nifunge nyingine."

Akapapasa kiuno cha mti aitafute ile ya zamani. Hakuna. Akapapasa tena. Hakuna. Akapapasa mara ya tatu, kidole kikazama kwenye mfereji, na ndani ya mfereji, uzi.

"Bibi," akasema Mize, "mimi ulinilegezea."

Bi Mashavu alichukua kisu cha kumenyea, akapiga magoti, akaukata uzi na kuutoa kipande kipande, kama anayemtoa mtoto mwiba. Kidonda akakikandika udongo.

Gome halikuungana siku hiyo. Mti si nguo. Maua yote ya msimu ule yakapukutika, Ua akaanguka huku analalamika. Lakini kidogo kidogo njia ikafunguka, uji ukapenya tone kwa tone, na nduguze Jani wakaita:

"Mama Mzizi, uji huo. Kula."

Mama Mzizi akala. Akala. Akala. Ndipo akasema, "Mmechelewa."

Mchwa akaona anachotafuna kimeanza kuwa kigumu, akaondoka bila kuaga.

Na Jani? Mize alimfukia palepale chini ya mti. Mvua ikanyesha, akalainika, akashuka taratibu mpaka gizani.

"Nani?"

"Mimi, mama."

Mama Mzizi akampapasa. "Ndiyo wewe, mwembamba hivi? Nami nilidhani mpishi ana kitambi."

"Nawe mama una udongo usoni."

"Sogea huku," akasema Mama Mzizi. "Hapo pana baridi."

Ngano yangu nimeitema, atakayeiokota aitie chumvi yake. Ukimfunga mtu kwa mapenzi, rudi ukaangalie kama amekua. Na mwenye njaa aseme ana njaa, sijambo haishibishi. Mimi basi nasema wazi: nani kala kiazi changu kilichokuwa majivuni?