Masega ya Nyuma

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni kwa nguvu bwana, mie mwenyewe nimechoka, msinichoshe zaidi.

Hapo zamani za kale, bonde zima la wanyama lilikuwa na mzinga mmoja tu wa nyuki, na mlinzi wake alikuwa Bibi Nyegere. Kila mavuno alipanda mtini, akapuliza moshi, akakata masega ya mbele, akawagawia wote. Ya nyuma hakuyagusa. Akishuka, huimba:

"Ya mbele ni yetu, ya nyuma ni ya wajao!"

Masega hayo ya nyuma ndiyo waliyokula nyuki wakati wa ukame, wasihame. Na kila mtoto wa bondeni alilambishwa asali siku ya saba, ndipo akapewa jina. Asiyelamba asali hakuwa na jina.

Mwaka mmoja binti yake Bibi Nyegere alikuwa mjamzito. Bibi mwenyewe alikuwa mzee, magoti yanamuuma, usingizi haumtoshi.

Akaja Fisi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba."

"Nikatie sega moja la nyuma. Moja tu!"

"Hapana. Ni ya wajao."

Fisi akaenda zake.

Akaja mara ya pili, na ndugu zake, na kelele zao. "Hao wajao wanakaa wapi? Mbona hatujawaona? Waje wenyewe wadai!"

"Hapana," akasema Bibi Nyegere, ila safari hii kwa sauti ndogo.

Mara ya tatu Fisi akakaa mlangoni kwake tangu asubuhi. "Bibi, nikatie. Bibi, nikatie. Bibi, nikatie." Jua likapanda, jua likashuka, Fisi yuko pale pale. Jamani, king'ang'anizi huyo! Bibi Nyegere hakushawishika hata kidogo. Alichoka tu.

"Haya, kakate! Kata yote, niache nipumzike!"

Fisi akakata yote, akala mpaka tumbo likawa ndi. Nyuki wakangoja siku moja. Wakangoja siku ya pili. Siku ya tatu wakainuka, vuuu, wakaenda zao ng'ambo ya milima.

Binti akajifungua. Siku ya saba Bibi Nyegere akapanda mtini, pole pole, akaingiza mkono mzingani. Kukavu. Akalia mkono ukiwa bado mle ndani. "Hapana ya kwanza niliisema. Ya pili niliisema. Ya tatu ilinishinda nini, mimi?"

Aliposhuka, akamkuta Fisi chini ya mti, amepakata kitoto.

"Shikamoo, Bibi. Nimepata mtoto. Leo siku ya saba. Nipe tone moja tu, Bibi, apate jina."

Bibi Nyegere akamtazama sana.

"Uliniuliza wajao wanakaa wapi," akasema. "Si huyo hapo, umempakata."

Siku hiyo Fisi hakucheka.

Watoto wale wawili wakakua wakiitwa "wewe" na "wewe". Na Bibi Nyegere, na magoti yake yale yale, akachonga mzinga mpya, akautundika mtupu. Kila siku huenda kuutegea sikio. Bado.

Sikilizeni basi. Wanaotaka leo watakuja kutugongea mlango, na watarudi tena na tena. Wasiozaliwa hawana mkono wa kugonga. Kwa hiyo anayewalindia chakula chao hana ruhusa ya kuchoka. Akichoka, nendeni mkampokee zamu.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Mkiiona chungu, msinilaumu. Asali iliisha kabla sijafika.