Jiwe Ndani ya Tope Laini

Ndugu zangu, kaeni vizuri niwape habari ya dada mmoja aliyesomea udongo wa chini ya bahari. Kazi ilimpeleka kusini kabisa mwa dunia, kwenye maji ya baridi kali, ambako mapande ya barafu makubwa kama vilima huelea baharini. Yeye na wenzake walikuwa wakizamisha bomba refu hadi chini kabisa, wakilivuta likiwa limejaa tope, naye analipasua na kuandika alichokiona.

Siku hiyo alikuta tope laini kama unga wa muhogo, lile linalotandazwa na mkondo wa maji polepole, mwaka hadi mwaka. Katikati yake, jiwe la ukubwa wa ngumi.

Niwaulize: mkondo mpole hivyo utabeba jiwe? Dada alijua jibu. Lilisafiri limeganda ndani ya barafu, barafu ikayeyuka, likadondoka.

Ila mkuu wake alikuwa amefundisha miaka kumi na mitano kwamba enzi tope lile lilipotandazwa, barafu ilikuwa haijafika pale. Akalitazama jiwe, kisha akafunga mlango.

"Binti yangu, andika tope tupu. Hilo litupe."

"Nimeliona, Profesa. Siwezi kuandika sikuliona."

"Mkataba wako unaisha mwezi ujao. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

Msidhani hakuogopa. Akashika kalamu, akaandika alichokiona, akatia sahihi.

Mnangoja niseme mkuu aliumbuka? Hakuumbuka. Ripoti ilitoka bila jiwe, na bila jina la dada yule. Akarudi nyumbani hana kazi. Mama yake akammiminia chai, akasema, "Pole, mwanangu. Jina lako wamelifuta."

"Wamelifuta kwenye uongo, mama. Hiyo pole ni ya nini?"

Sisi je? Kazini tunaambiwa, andika mgonjwa alipewa dawa, na dawa hakupewa. Ukoo unasema mjane hakuwa na shamba, nasi tulimwona akililima kwa mikono yake. Tunaitikia, maana mkubwa amesema. Sisi hawahawa tunaokaa viti vya mbele kanisani.

Kesho ni Jumatatu. Mtaletewa karatasi, mtaonyeshwa pa kutia sahihi. Wanaotaka kutufukuza watufukuze. Wanaotaka kutununia wanune mpaka wachoke. Sisi hatusaini.